Walimngoja Mattis

Ufunguo wa kanisa ninao mimi mwaka wa tatu huu,
mzito kama nyundo, baridi kuliko mfuko unaouhifadhi.
Jumapili nafungua, nawasha jiko la kuni,
nahesabu kofia za sufi: sita.
Bibi Helju, Bibi Salme na wenzao,
na mimi wa saba, miaka ishirini na miwili,
ninayejua wimbo upi uimbwe akifa nani.

Kwetu Kohtla-Järve vilima si vilima,
ni majivu ya migodi yaliyorundikwa hata yakaota miti.
Wa rika langu walishapanda meli kwenda Helsinki.
Waliobaki huniuliza kazini, kwenye tanuri la mikate,
bila ubaya, kama mtu aulizaye habari za jino:
"Leelo, bado unaenda kule?"
Bado, nasema. Nageuza mikate.

Nitasema kweli, maana shairi halina mchungaji:
tangu Februari nilisali
kama mtu anayeaga chumba kitupu
kabla ya kuzima taa.

Ndipo nikatumwa Tartu, treni mbili,
na boksi la vitabu vya nyimbo vilivyoliwa na unyevu.
"Kuna vijana wanavihitaji," mchungaji alisema.
Vijana gani, niliwaza. Nikaenda.

Anwani ilikuwa karakana ya baiskeli.
Magurudumu darini, harufu ya grisi,
supu ya njegere iliyoshika ukoko.
Kaarel, mikono myeusi, alinisalimu kwa kiwiko.
Ingrit, msomi wa kuvu wa msituni.
Vasilisa, muuguzi, katoka zamu hajabadili viatu,
husali kwa Kirusi na hakuna anayemtafsiria.
Na Mattis.

Kwanza walibishana. Juu ya Tomaso.
Alichelewa yeye, au wenzake waliwahi?
"Angalieni," Ingrit akagonga meza kwa kijiko,
"hawakumfukuza.
Siku nane wamekula naye,
na shaka yake pale pale, kando ya mkate."

Kisha Mattis akasali.
Mattis ana kigugumizi.
Neno lilimkwama mlangoni mwa midomo,
ba,
ba,
ulimi wangu ukasogea kumsaidia,
nikawatazama wengine.
Hakuna aliyefumbua jicho.
Hakuna aliyekohoa.
Mnyororo ukadondosha tone la mafuta,
likafuata la pili.
Supu ikapoa.
Walimngoja
kana kwamba muda ni mali yao ya shirika
na wameamua kumpa wote.
Lilipotoka, "Baba",
lilitoka zima, limelowa jasho,
nami niliyelisema tangu utotoni
nikajua sijawahi kulisikia.

Nikalia. Si kilio cha kupendeza; kamasi hadi kidevuni.
Vasilisa akanipa kitambaa cha kwanza kilichomjia mkononi,
kikanipaka grisi puani,
na kicheko kikatupata sote kabla ya aibu.
Nikawaambia ya Februari.
"Mimi tangu Oktoba," akasema Kaarel,
akikaza nati ambayo haikulegea.
Hakuna aliyenisomea aya.
Ingrit aliuliza tu:
"Alhamisi ijayo, utakuja na mkate?"

Kofia bado ni sita.
Bibi Helju bado hushuka sauti ubeti wa tatu.
Figa moja haliinjiki chungu, kweli;
ila sikujua mafiga yanaweza kukaa
kilomita mia na ushei, moja na jingine,
na chungu kikasimama.

Alfajiri, unga mpaka kwenye nyusi,
kabla wenzangu hawajafika, najaribu.
Sina kigugumizi mimi,
lakini nasema, ba,
naacha hapo,
nasikiliza tanuri likitanuka kwa joto,
sina haraka.
Mkate mmoja nimeuweka kando.
Ni Jumatano.